Kamba, chaki na saa nane usiku: kisa cha kupanga upya mtaa mmoja wa Kariakoo

Mkutano ulianza saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, chini ya turubai lililofungwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Viti vya plastiki vilipangwa mistari mitano. Mchoro wa barabara mpya ulibandikwa ukutani, na kwa kuwa upepo ulikuwa unaubandua, kijana mmoja aliushikilia kwa mikono miwili muda wote tulipokuwa tunaeleza. Mwenyekiti wa mtaa alifungua kwa dua. Mtendaji akasoma ajenda. Mimi nilieleza mchoro, kwani nilikuwa mmoja wa wasanifu wadogo katika kampuni iliyopewa kazi hiyo. Maswali yalikuja matatu tu: la taa, la fidia, na la lini kazi itaanza. Watu wakaandika majina na kutia saini kwenye karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda, na kabla ya adhuhuri muhtasari ulikuwa umeshagongwa muhuri. Wananchi wameshirikishwa, wameridhia.

Wiki chache baadaye mtaa mzima ulifunga maduka.

Jina la mtaa sitalitaja, wala la ofisi iliyotutuma, kwa sababu kazi bado inaendelea na watu wake wanafahamiana. Inatosha kusema ni mmoja wa mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, inayokwenda sambamba na Mtaa wa Msimbazi. Aliyewahi kununua vitenge au makava ya simu kwa bei ya jumla, bila shaka amepita pale. Kipande tulichopewa kilikuwa cha vitalu vinne, kutoka njia panda moja hadi nyingine, na upana wake kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita 15.

Upana uleule, mzigo mwingine

Mitaa ya Kariakoo imenyooka kwa sababu ilichorwa kwa rula. Wajerumani waliipanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iwe makazi ya Waafrika, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaja kuwa mpaka kati yao na Uhindini na Uzunguni. Vita vilipoingia, Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na kikosi chao cha wabeba mizigo, Carrier Corps, kikapiga kambi hapo. Midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kwa hiyo jina lenyewe ni la wapagazi. Zaidi ya miaka 100 imepita na pale bado ni pahali pa wabeba mizigo, lakini mchoro niliousimamia Jumatano ile haukuwa na mbeba mzigo hata mmoja. Ulikuwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto, na vijana wawili wamekaa kwenye benchi wakinywa kahawa ya kikombe cha karatasi.

Viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Mtu aliishi ndani, akauza na kupokea wageni barazani, na barabara ikatosha. Biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, nyumba hizo zilianza kubomolewa moja baada ya moja. Kiwanja kilichokuwa na familia chache sasa kina fremu za maduka chini, stoo juu yake, na wapangaji juu zaidi. Barabara imebaki na upana wake wa zamani, wakati kila ghorofa iliyoongezwa imeongeza robota za kushushwa, watu wa kupita na maji ya kumwagwa.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria mpaka mzee mmoja wa duka la mashuka aliponionyesha kwa mkono. Alisema, "Mwanangu, hapo alipokaa huyo kijana na meza yake, baba yangu alikuwa na baraza." Nilipima. Kweli, meza za wamachinga zilikuwa zimekaa karibu palepale ambapo baraza za nyumba za zamani zilikuwa. Ghorofa zimeimeza baraza, na biashara ya mbele ya nyumba, ambayo haikuwahi kufa, imesogea hatua moja ikaingia barabarani. Tunayoiita uvamizi wa njia za waenda kwa miguu ni kazi ya zamani iliyokosa sakafu yake.

Mchoro

Sitaki kuudharau mchoro ule. Ulikuwa na nia njema na mambo mengi ndani yake ni sahihi mpaka leo. Ulitaka gari zipite kwa upande mmoja tu wa mwelekeo badala ya kusukumana pande mbili. Ulitaka njia ya waenda kwa miguu ya mita 3 kila upande, iliyojengwa kwa vitofali vya pavingi, ikiinuliwa sentimita 15 juu ya lami ili gari zisipande. Ulitaka miti kwa safu, mabenchi, taa, vivuko vya pundamilia, na hakuna gari kuegeshwa. Yeyote aliyewahi kujipitisha pale siku za kuamkia Idi, mtoto mkononi, bodaboda mgongoni kwake ikipiga honi, angesema hayo yote yanahitajika.

Kasoro yake ni kwamba ulichora saa moja tu ya siku. Ulichora mtaa wa saa tano asubuhi, siku isiyo na mvua, mzigo ukiwa umeshaingia dukani.

Rangi nyekundu

Kilicholeta mgomo kilikuwa kidogo mno ukikisimulia leo. Vijana wa upimaji walikuja Jumatatu na makopo ya rangi, wakaweka alama za vipimo kwenye ngazi za maduka na kwenye kuta chache. Rangi waliyokuwa nayo ilikuwa nyekundu.

Mkazi wa Dar es Salaam haambiwi maana ya alama nyekundu ukutani. Waliokuwa Kimara mwaka 2017, wakati nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro zilipobomolewa kupisha upanuzi, waliziona hizo X kabla ya kuona greda. Saa sita mchana habari ilikuwa imefika ncha zote mbili za mtaa kuwa bomoabomoa inaanza. Wapangaji wa fremu waliwapigia simu wenye nyumba, wenye nyumba wakasema hawajaambiwa kitu, na hiyo ikazidisha hofu. Wamachinga walianza kufunga mizigo kwenye viroba. Saa nane maduka yalikuwa yamefungwa, na umati ukasimama mbele ya ofisi ya mtaa ukidai kumwona mwenyekiti.

Watu wale walikuwa na kumbukumbu za karibu. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani na njia za waenda kwa miguu jijini, baada ya miaka mitano ya kuambiwa wasibughudhiwe na baada ya wengi wao kulipia vitambulisho vya Sh 20,000. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa kwa malalamiko ya kodi na ya kamatakamata ya mizigo, na hapo ndipo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipofika Mnazi Mmoja kuwasikiliza, mawaziri wake wakiwa naye. Walichojifunza ni kwamba mlango wa duka ukifungwa ndipo sikio la mkubwa hufunguka. Sisi tuliwapa sababu nyingine ya kuamini hivyo.

Jioni ile mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima mwenye subira, alinivuta pembeni akanipa ile karatasi ya mahudhurio. "Isome vizuri," akasema. Nikaisoma. Waliotia saini walikuwa wazee wa mtaa, wajumbe wa mashina, wawakilishi wa wenye nyumba, akina mama wanaoishi ghorofani, na vijana waliokuwa hawana kazi siku hiyo. Hapakuwa na mpangaji wa fremu, winga anayewatafutia maduka wateja, kuli, mama lishe, wala dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Saa nne asubuhi ya Jumatano, watu wa mtaa ule walikuwa mtaani kazini. Sisi tulikuwa tumeitisha mkutano wa kazi yao katikati ya kazi yao.

Nani ni mtu wa mtaa?

Hapa pana jambo zito kuliko saa ya kikao, na nadhani linahusu katikati ya kila mji wetu.

Katiba, katika ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inataka wadau washirikishwe. Chombo kilichopo karibu zaidi ni mkutano mkuu wa mtaa, na mkutano huo ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Wakazi, yaani wanaolala pale. Mbagala au Tandika utaratibu huo unafanya kazi vizuri kwa sababu anayelala pale ndiye anayejua mtaro unafurikia wapi. Kariakoo ni kinyume. Wanaoujua mtaa wanalala Mbagala, Gongo la Mboto, Kigogo na Kimara. Wanaingia alfajiri na kutoka usiku. Kwa macho ya mkutano mkuu wa mtaa wao ni wapita njia, ingawa kuna aliyesimama kwenye kona ileile miaka 15.

Mwenyekiti hakuwa na kosa. Aliitisha aliowajibika kuwaitisha. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshika karatasi yenye muhuri tukajiaminisha kwamba tumewasikia watu wa mtaa. Kwa hiyo tulipoiomba ofisi isimamishe upimaji, ikakubali kwa shingo upande na kutupa wiki sita, hatukuomba mkutano mwingine. Tuliomba kibali cha kukaa mtaani saa 24, kwa zamu, na kuuliza pale pale kazi inapofanyika.

Njia hiyo haikuwa yetu. Mkubwa wetu kazini alikuwa ameona mwaka 2018 jinsi mpango wa Bonde la Msimbazi ulivyochorwa, wakazi wa bondeni wakikaa kwenye vikao vya kuchora pamoja na wahandisi na maofisa. Wengine kati yetu walikuwa wamepitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wakatembea na wakazi wakiweka kwenye ramani mitaro na sehemu zinazojaa maji. Tofauti ni kwamba bonde lina wakazi. Sisi tulihitaji kuwafuata watu kwa saa zao.

Saa nane usiku

Usiku ndio ulionifundisha zaidi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu.

Saa saba na nusu Fuso ya kwanza inaingia. Haiingii kwa kupenda, inaingia kwa sababu mchana haiwezi kugeuka. Makuli wanakuwa wameshafika, wamelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa mbele ya fremu, kofia usoni. Mlinzi mmoja anapiga filimbi. Ndani ya dakika chache kuna mstari wa watu wenye robota mabegani na mikokoteni inayosukumwa na watu wawili wawili, mmoja mbele anavuta, mmoja nyuma anasukuma kwa kifua. Guta za magurudumu matatu zinasubiri kwenye kona kupeleka mzigo stoo za mitaa ya pili.

Nilikuwa nimekuja na mchoro mdogo na tochi. Nikamwonyesha kuli mmoja wa makamo, mtu wa Kilwa, jinsi njia ya waenda kwa miguu itakavyoinuliwa. Hakutazama mchoro. Akaniuliza, "Huo ukingo kimo chake?" Nikamwonyesha kwa kidole kwenye tofali: sentimita 15. Akaniita nishike mkono wa mkokoteni wake uliojaa majora ya kitambaa, tukausukuma pamoja hadi kwenye ngazi ya duka jirani yenye kimo hichohicho. Magurudumu yaligota. Tukasukuma tena. Mkokoteni ukayumba na majora mawili yakaanguka kwenye maji machafu. Akayaokota, akayafuta kwa fulana yake, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, jora likilowa nalilipa mimi."

Hesabu hiyo haikuwamo katika ripoti yetu yoyote. Tulikuwa tumeinua ukingo ili gari lisipande, ukawa ukuta kwa kila gurudumu la mzigo usiku kucha. Na mzigo usipopanda kwa mkokoteni utapanda kwa mgongo.

Tukakaa naye na wenzake mpaka adhana ya alfajiri. Walichotaka hakikuwa kikubwa. Ukingo ulale badala ya kusimama, angalau mbele ya kila mlango wa stoo. Mifuniko ya mitaro isiwe ya chuma, kwa maana ya chuma huibiwa ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shimo linabaki linamsubiri mtu mwenye robota kichwani asiyeona miguu yake. Na taa ziwekwe chini ya vibaraza vya maduka, kwani taa ndefu ya barabarani huangaza paa za Fuso na kuwaacha wao kwenye kivuli cha gari.

Kivuli

Mchana ulitufundisha kivuli.

Mtaa wetu unakwenda takriban kaskazini na kusini, na ghorofa zake ni ndefu. Asubuhi kivuli kinakuwa upande wa majengo ya mashariki. Kufikia alasiri kimevuka kwenda upande wa magharibi. Watu nao wanavuka nacho. Wateja, mawinga, wauza maji, hata meza za wamachinga zenye magurudumu: saa tano ziko huku, saa tisa ziko kule. Mchoro uliogawa mita 3 kila upande kwa usawa ulikuwa unampa mtembea kwa miguu upande ambao hatautumia kwa nusu ya siku, kisha unambana upande anaouhitaji.

Tulijadiliana sana juu ya hilo ofisini. Wenzangu wengine walisema miti italeta kivuli pande zote. Ni kweli, baada ya miaka. Lakini fundi wa bomba aliyekuwa akifanya kazi pale kwa miaka mingi alituonyesha mabomba ya maji na nyaya zilizolala futi chache tu chini, zikipishana, na akasema mti wowote kati ya vile vitalu utang'olewa siku bomba litakapopasuka. Safu ya miti tuliifuta kwa uchungu. Ikabaki minne kwenye kona, penye nafasi.

Kuhusu mabenchi sikutegemea ubishi, na ukawa mkali kuliko wa kitu kingine. Makuli walitaka pa kukaa. Akina mama wenye maduka walikataa katakata. Mmoja akasema benchi likiwekwa mbele ya duka lake, kitaota kijiwe hapo, na wasichana wake wawili wa dukani hawatapita bila maneno. Wanaume kikaoni wakacheka. Yeye hakucheka, na wanawake wengine watano wakasimama kumuunga mkono mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na lake la kusimulia. Mabenchi yakaondolewa mbele ya maduka, yakawekwa mawili kwenye kona karibu na kijiwe cha kahawa ambacho tayari kina wazee wake, na wazee hao wanajua kumkanya kijana.

Wanachosema hadharani na wanachosema pembeni

Ukiwauliza wapangaji wa fremu kikaoni kama wanataka wamachinga mbele ya maduka yao, jibu ni moja: waondoke. Sisi tunalipa kodi, tunalipa kilemba cha kuingilia fremu, tunatoa risiti, wao wanaziba mlango. Nililiandika jibu hilo mara nyingi siku za mwanzo.

Kisha ukikaa na mtu yuleyule saa moja jioni anapofunga hesabu, unaona kijana wa meza ya nje anaingia dukani na fedha mkononi na viatu vilivyobaki. Bidhaa za mezani ni za duka. Siyo wote, lakini wengi kuliko tulivyodhani walikuwa wanauza mali ya fremu iliyo nyuma yao, kwa sababu mteja wa rejareja hapandi ngazi, anashika anachokiona. Mfanyabiashara mmoja alinieleza bila kificho: "Mchana nauza jumla kwa watu wa Zambia na Kongo. Huyu wa nje ndiye ananilipia umeme."

Kwa hiyo swali la kuuliza lilikuwa ni meza ngapi, za nani, na zisimame wapi ili mkokoteni na mwanamke mwenye mtoto wapite. Swali hilo lilijibika. Wenyewe walijigawa kwa vitalu, wakapima meza kwa kamba, wakakubaliana meza isizidi mita moja na iwe na magurudumu.

Mwishoni mwa wiki ya nne tulifunga mtaa Jumapili, siku ambayo biashara huwa nyepesi, tukachora barabara nzima chini kwa chaki kwa kipimo chake halisi. Matairi mabovu yakawa ukingo, ndoo za rangi zikawa miti. Mchoro ule ukutani, ukimwacha kijana aliyeushikilia, hakuna aliyekuwa ameugusa. Huu wa chini kila mtu aliukanyaga na kila mtu alikuwa na la kusema. Dereva wa bajaji mwenye ulemavu wa miguu aliendesha mara tatu na kutuonyesha kuwa njia panda ya pili ilikuwa nyembamba mno kwake kugeuza bila kushuka. Kirikuu moja iliyobeba mabomba iliangusha miti miwili ya ndoo. Tukasogeza matairi, tukafuta chaki, tukachora upya. Tuliacha alama hizo kwa siku tisa za kazi, usiku na mchana, kabla ya kurudi mezani.

Kilichokubalika, na waliopoteza

Mchoro wa pili ni mbaya kwa sura ukilinganisha na wa kwanza. Upande wa magharibi njia ya waenda kwa miguu ina mita 4, wa mashariki mita 2 na nusu, kwa kuwa alasiri ndiyo yenye watu wengi. Ukingo umelazwa mbele ya stoo na umesimama kwenye kona tu. Gari za mizigo zinashusha usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo ni mikokoteni, guta na gari ndogo kwa upande mmoja. Mtaro umehamishiwa upande mmoja, umefunikwa kwa mifuniko ya zege yenye matundu, mizito kiasi kwamba inahitaji watu wawili kuinyanyua.

Juu ya mtaro nilisisitiza mpaka nikachukiwa. Hatua chache kutoka hapo kuna Soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo miavuli yake ya zege ilibuniwa ikusanye maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini hata kabla ya hapo somo lake halikufuatwa na jirani yeyote. Ghorofa zote zilizolizunguka humwaga maji ya paa moja kwa moja barabarani. Pavingi nzuri juu ya mtaro uliokufa hudumu masika moja.

Si kila mtu alipata. Wamachinga wa kona ya kusini, penye njia panda finyu ile ya bajaji, walikosa nafasi kabisa. Walikuwa kumi na wachache. Vitalu vingine viligoma kuwapokea, na vizimba walivyoelekezwa kwenye soko la mbali wengine walivikataa kwa sababu mteja wao hafiki huko. Nilikaa nao jioni mbili na sikuwa na jibu la maana. Mmoja, dada anayeuza soksi na vitambaa vya kichwa, aliniuliza kama ingekuwa kona nyingine iliyo finyu angekuwa amebaki. Nilimwambia ndiyo. Sikuona sababu ya kumdanganya. Wenye nyumba watatu nao wamekataa kukata ngazi zao zilizoingia barabarani, na suala hilo liko kwenye mabaraza ya kata mpaka sasa.

Na ofisi iliyotupa kazi haikufurahia. Wiki sita ziligeuka miezi minne, na kwenye taarifa rasmi sehemu ya ushirikishwaji bado imeandikwa mkutano mmoja, ule wa Jumatano, kwa kuwa fomu ina nafasi ya tarehe moja.

Kimejengwa kitalu kimoja kati ya vinne, na fedha za vingine zinasubiriwa. Masika iliyofuata nilikwenda pale siku ya mvua kubwa. Kwenye kitalu kilichojengwa maji yalikuwa yanaingia mtaroni na watu wanapita. Hatua moja baada ya pavingi kuisha, kwenye kitalu cha pili, maji yalikuwa magotini, na wauza viatu walikuwa wamepanda juu ya ngazi na maboksi vichwani.

Wiki hiyohiyo watu wa kitalu cha pili walimtuma mjumbe kwa mwenyekiti wa mtaa. Waliomba kikao, na saa waliichagua wenyewe: saa saba usiku, kabla ya Fuso ya kwanza, ili makuli wawepo. Mwenyekiti alikubali. Alinipigia simu akaniambia nije na chaki.